Mpichi wa Nesi

Kwa Nesi salamu ilianzia kwenye vidole. Kabla hujamaliza kusema hodi ameshakushika mkono, ameugeuza kwenye mwanga, anakukagua kucha. Akiona zina damu yake anasema, "Haya, mzima wewe. Sasa habari za nyumbani?" Akiona zimepauka, habari za nyumbani anaziacha, anakuuliza jana umekula nini. Watoto wa mtaani kwetu Temeke walishamzoea. Wakimpa shikamoo wanampa na mikono yote miwili, kucha juu, kama wanaopokea zawadi.

Mie majina ya watu siyasahau. Naweza kukutajia waliozikwa, waliohama, hata wapangaji waliokaa kwa Mzee Mkude mwezi mmoja wakapotea. La kwake ninalo, na la baba yake ninalo. Lakini mtaa mzima tulimwita Nesi, na siku moja nilipomuuliza mbona hataki kuitwa jina, akasema jina lake limebaki kule kwao pamoja na waliokuwa wakilitumia. Basi na mie namwachia hapo hapo.

Alikuwa mkunga, wodi ya wazazi, mpaka alipostaafu. Akisimulia kazi yake alisema, "Mtoto akitoka, wenzangu wanatazama ni wa kike au wa kiume. Mie natazama kucha. Zikiwa kama ua la mpichi, huyo yuko na sisi. Zikiwa za bluu, tunakimbia." Sie watu wa pwani tulikuwa tunaitikia tu. Ua la mpichi tulijulie wapi? Mti wenyewe hatujauona, wala tunda lake hatujalitia mdomoni.

Lakini za bluu nilizijua. Mwanangu Shabani alizaliwa hivyo, kimya, kama kitu kilichotolewa majini. Nesi ndiye aliyekuwa zamu. Alimchukua juu ya mkono wake, akamsugua mgongo, akamvuta uchafu puani, akawa anamsema kama mtu mzima mwenzake: "Wewe! Umekuja huku kufanya nini kama hutaki kulia? Lia basi!" Mie nimelala pale nasikia sauti ya Nesi tu, ya mwanangu siisikii. Mpaka ikaja. Nesi akamleta, akanionyesha kwanza vidole, uso baadaye. Vikucha vile, vidogo kama punje za mtama, vimeanza kupata rangi. Sijaona tena rangi ile kwa kitu chochote, ila mara moja, nami nitaisema.

Tangu pale alikuwa na neno lake: "Anayelia mwacheni alie. Mie namwogopa aliyenyamaza." Alilisema kwenye misiba, alilisema kwenye ugomvi wa mke na mume. Jirani yetu Asha Pembe alipopigana na mumewe, watu wote wamekimbilia mlangoni, Nesi akakaa zake anachambua mchele. "Bado wanapiga kelele," akasema. "Wakinyamaza mniite."

Kwao ni Makete, juu kabisa, kwenye baridi yenyewe. Kwa hiyo mwezi wa sita ulipoingia na kipupwe chetu hiki cha Dar, na sie tumejifunga kanga mbili mbili na madereva wa bodaboda wamevaa makoti kama wanaenda vitani, Nesi ndio anatoka asubuhi mikono wazi, anaoga maji ya pipa yaliyolala nje, tunamsikia anaimba nyimbo za kwaya.

"Hii nayo ni baridi?" anauliza juu ya ukuta.

"Nesi, tuache. Sie damu yetu nyepesi."

"Damu nyepesi! Kwetu ukiamka, umande umeganda kwenye majani. Ukiukanyaga unalia kama unakanyaga chumvi. Nyie hapa mnatetemeka kwa upepo wa kukaushia nguo."

Nadhani alijivunia, na nadhani alikuwa analia kidogo ndani yake. Maana joto lenyewe la mwezi wa kumi na mbili lilimtesa. Alilala sakafuni juu ya sementi tupu, kitanda kizuri kipo. Na huyu huyu aliyewafokea wanawake wodini kwa kucha chafu na kwa kula udongo, huyu aliyetukataza chumvi na mafuta mtaa mzima, alikuwa anavuta ugoro. Nyuma ya choo, kwa siri, kikopo amekificha kwenye sidiria. Akipiga chafya tunasema, "Nesi yuko kwenye dawa zake." Nikimtania anasema ugoro unafungua kifua. Nikimwambia basi na mie nipe nifungue changu, ananikemea kwamba nina presha.

Jambo jingine lililokuwa linamkera ni hina yangu. Nesi alikuwa Mlutheri, hina haijui. Mie bila hina Idi hainiingii. "Sasa wewe mtu wa pwani," anasema, "nitakujuaje ukiwa unakufa, na kucha zote umezifunika?" Lakini mtu hawezi kujipaka mkono wa kulia vizuri, na mkwe wangu alipofuatana na Shabani kwenda kuishi Tunduru, nilibaki sina wa kunipaka. Nesi ndiye aliyechukua ile kazi. Kila jioni ya kuamkia Idi ananijia na kijiti, anakaa kwenye kigoda, ananipaka kidole kimoja kimoja huku ananuna, ananifunga mifuko ya plastiki mikononi kama anayefunga kidonda. "Haya," anasema, "nimejiziba macho mwenyewe." Alipaka vizuri kuliko mkwe wangu. Hilo sikumwambia mkwe wangu.

Sasa mpichi.

Mara ya mwisho Nesi alipokwenda kwao mama yake angali hai, mama alimtilia mapichi kwenye mfuko ale njiani. Akayala ndani ya basi, kokwa akazifunga kwenye leso. Moja aliifukia uani kwake, kando ya ukuta unaotutenganisha. Ikaota. Sote tulishangaa, hata yeye. Mti ukakua, ukapita ukuta, ukawa na majani marefu membamba yanayoning'inia, mazuri. Lakini ulikuwa majani tu. Ua hapana. Mwaka hadi mwaka, ua hapana.

Nesi alinieleza kwa nini anataka lile ua. Kwao, baridi ikikaa miezi na miezi, kila kitu kinakuwa kama kimekufa. Watu wanakaa jikoni, wanazeeka kwenye moshi. Halafu siku moja, vijiti vikavu vya mpichi, bila jani hata moja, vinatoa maua. Pinki. Kila mlango unafunguliwa. Mama yake alikuwa anatoka nje na kuita mlima mzima, "Limetoka!" na nyumba ya ng'ambo wanaitikia, "Limetoka!" Hapo ndipo watu wanashika majembe.

"Na nyie hapa," aliniuliza, "mnajuaje kipupwe kimekwisha?"

Nikafikiri. Nikamwambia, shuka. Ukilala na shuka ukaliamkia chini, ujue baridi inaaga. Na maji ya pipa jioni yanakuwa na uvuguvugu. Na kunguru wanaanza kuiba nyaya za kuanikia nguo waende kujengea.

"Na mnamwambia nani?"

"Tumwambie nani, Nesi? Kila mtu ana shuka lake."

Akatikisa kichwa, ananihurumia.

Basi akaanza kuutibu mti. Alisema huyu hajaona baridi ya kweli, na mtu ambaye hajalala hawezi kuamka. Mwaka wa kwanza akanunua barafu kwa Zuhura, aliyekuwa anauza vipande vya barafu kwenye mifuko. Ndoo nzima. Zuhura akamuuliza, "Nesi, una harusi?" Nesi akasema, "Nina mgonjwa." Akaimwaga yote shinani na kufunika kwa magunia. Asha Pembe alipanda juu ya tofali kuchungulia, akashuka amekamata mdomo. "Mama Shabani, rafiki yako anaunywesha mti soda baridi." Tulicheka siku nzima. Barafu ikayeyuka, mpichi ukafurahi yale maji, ukatoa majani mapya.

Halafu mtu wa kwao akamwambia kwa simu kwamba huko wenye matofaa huwa wanaupumbaza mti: wanauchuma majani yote kwa mkono, hawaupi maji, mti unadhani baridi kali imepita juu yake, unaamka. Nesi akashika njia hiyo. Kila kipupwe kikiingia anapanda kwenye stuli, anachuma jani moja moja, hapukutishi kwa fujo, kama anayemvua mgonjwa nguo. Mti unabaki mifupa. Hapo watu wakaacha kucheka, wakaanza kunong'ona. Mwanamke mzima, kila mwaka mwezi ule ule, anauvua mti majani na kuuzungumzisha? Asha Pembe akaja kwangu, "Hivi huyu mkunga wa watoto au wa mambo mengine?" Nikamwambia, "Wanao wanne kawatoa yeye, na mambo mengine hukuyaona." Akaondoka.

Mwisho wa mwezi wa nane Nesi alikuwa anauzunguka mti kila asubuhi, pua karibu na tawi, anatafuta chipukizi nene. Chipukizi jembamba ni jani, nene ni ua. Namsikia anashusha pumzi. "Majani tena," anasema. "Huyu amenyamaza, Mama Shabani. Namwogopa."

Halafu macho. Yalianza pembeni. Alikuwa akimwaga chai nje ya kikombe, akawa anapiga bega kwenye milango. Daktari akamwambia ni presha ya macho, palipokwisha kufunga hapafunguki tena, watajaribu kuzuia palipobaki. Aliniambia, "Naona kama nachungulia kwenye tundu la mlango." Akawa anakamata mkono wa mtu na kuusogeza mpaka puani ndipo azione kucha. Watoto wakawa wanaogopa. Wengine walimkwepa. Siku hizo alipungua kuimba.

Jioni moja tumekaa kila mtu upande wake wa ukuta, akasema, "Mie sina haja kubwa. Nimwone huyu akitoa ua, hata moja. Basi macho yakitaka kufunga yafunge."

Nikamwambia, "Si upande basi ukayaone kwenu? Yako mengi huko."

"Nikashukie kwa nani? Nyumba ya kwetu imeanguka. Mama hayupo, dada zangu wote wamelala pale juu. Nitasimama barabarani nione maua, halafu nimwambie nani limetoka?"

Nilimpitishia kikombe cha tangawizi juu ya ukuta, akakitafuta kwa mkono mpaka nikakishika mimi na kumwekea.

Mwanawe Emanueli amejenga Chanika, nyumba nzuri. Alikuja kumchukua masika yalipokuwa yanaisha, na alifanya vizuri, maana mama yake alikuwa ameshajiunguza na jiko. Nesi hakubishana. Ukutani kwake barabarani aliwahi kumwandikisha huyo Emanueli kwa rangi nyekundu, NYUMBA HII HAIUZWI, kwa sababu ya madalali waliokuwa wanamsumbua. Maandishi yalibaki na nyumba ikaanza kutafutiwa mnunuzi. Anayetaka kuinunua, nilisikia, atavunja uani ajenge fremu za maduka.

Siku ya kuondoka alinipa ufunguo wa geti. "Mwezi wa sita umchume majani," akasema. "Usimwonee huruma. Maji usimpe."

"Mie na magoti haya, Nesi?"

"Stuli nimekuachia."

Alitaka kunishika vidole. Akanikosa, akashika hewa, nikampelekea mkono mwenyewe. Vilikuwa na hina ya Idi, aliyonipaka yeye kwa kupapasa, imetoka nje ya kucha kidogo. Akasema, "Sikuoni hata hivyo," akaingia kwenye gari.

Kimya kilichofuata sijui nikiseme vipi. Ukuta ni ule ule. Nilikuwa natengeneza tangawizi ya watu wawili, nakumbuka hayupo nayo iko tayari kwenye jiko. Asha Pembe tumemzika. Zuhura amehamia kwa mwanawe Mbagala. Mzee Mkude hasikii, ukimsalimia anakuambia saa. Shabani anapiga simu, mtoto mwema, lakini simu ya Tunduru inakatika ukifika kwenye la maana. Kipupwe kile kilikuwa na upepo mkali wa kusi, na mie nilikihisi mpaka kwenye meno. Ilipita Idi. Nilinunua hina, nikaikoroga, nikaangalia mkono wangu wa kulia, nikaimwaga.

Lakini majani niliyachuma. Ya chini kwa mkono, ya juu kwa fimbo niliyoifunga kulabu. Ilinichukua siku nyingi, maana nachuma kidogo, nakaa. Na nilijikuta nauzungumzisha, kama yeye. Nauambia habari za mtaa, nani kaoa, nani kapigana. Sijui kama kuna aliyenichungulia. Tofali la Asha bado lipo pale pale.

Kisha nikaacha kwenda. Magoti yalinikamata, na nilisema moyoni, nikaone nini?

Asubuhi moja nikaamka shuka liko chini. Nikalala nalitazama. Nilikuwa sina wa kumwambia, nikaona nikauambie mti. Nikachukua ufunguo.

Lilikuwa limetoka. Kwenye tawi lililoegemea ukuta wangu, kwenye mti uliokuwa mifupa mitupu, maua machache yamekaa bila jani, yamefunguka, pinki. Nilisogea. Nikajua ile rangi kabla sijajua nimeijulia wapi. Nikageuka haraka nimwambie mtu. Uani hapana mtu. Ukuta, pipa la Nesi limejaa vumbi, kunguru mmoja na waya wake mdomoni.

Nikampigia kwa kisimu changu cha vitufe. Akapokea mwenyewe.

"Nesi."

"Mama Shabani. Kuna nini?"

"Lime..."

"Usiseme!" akanikata. "Mambo ya uzazi hayasemwi kwenye simu. Njoo."

Nikafikiri kama nilikate lile tawi. Lina maua ambayo mtu kayasubiri miaka, na mie nilivunje? Lakini mti hauwezi kupanda bajaji. Nikalikata kwa kisu, nikalitia kwenye chupa ya maji, nikavaa baibui nzuri. Dereva alikuwa kijana wa watu, anaitwa Hamisi, ana ulimi.

"Bibi, kijiti hicho ndio dawa?"

"Dawa ya macho. Endesha taratibu."

"Chanika ni mbali, Bibi. Nikienda taratibu utafika kikiwa mti."

Bajaji haina milango. Nilikikumbatia kifuani, nikakikinga kwa baibui, lakini barabara ni ndefu na malori yanapita yanatupuliza. Ua la kwanza likaanguka nikaliona linaruka nje. Nikamwambia Hamisi asimame. Akasimama. Tukakaa, na upepo haukusimama. Tulipofika kwa Emanueli nina chupa ya maji na kijiti kitupu.

Nilitaka kurudi. Hamisi akasema, "Bibi, umeshafika." Nikashuka.

Nesi alikuwa barazani, peke yake, redio chini ya kiti. Emanueli na mkewe wako kazini, wamemwachia chai kwenye chupa na kila kitu mahali pake. Alikuwa amepungua. Macho yalitazama upande niliokuwa sipo.

"Hodi, Nesi."

"Karibu. Umemleta?"

Nikakaa chini miguuni pake. "Nimemleta. Lakini maua yameanguka njiani. Yote. Upepo umeyachukua, Nesi. Ni kijiti tu."

Akanyoosha mikono. "Nipe."

Akakipokea kama alivyompokea Shabani wangu, juu ya mkono, kichwa kwenye kiganja. Akaanza kupapasa kutoka chini kwenda juu, taratibu. Kidole kikasimama. Akarudi nyuma, akapita tena. Kila palipokuwa na ua kulikuwa kumebaki kikombe kidogo, kibichi, na vinyuzi ndani yake. Sikuwa nimeviona. Yeye alivigusa kimoja kimoja.

"Hili ni la kweli," akasema. "Jani haliachi kikombe."

"La kweli."

"Ulilionea wapi? Tawi gani?"

"Linaloegemea kwangu."

Akacheka, yale macheko ya zamani ya juu ya ukuta. Halafu akainua uso, akaniuliza polepole, "Rangi gani?"

Maneno ya rangi mie sina mengi. Nikamwambia, "Kama kucha za Shabani, pale alipolia."

Akanyamaza. Nikaanza kumwogopa. Kisha akavuta pumzi, akaita kwa sauti kubwa nisiyoijua, sauti ya mlimani, kuku wa Emanueli wakatawanyika: "Limetoka!"

Majirani wa Chanika hawajui. Hapana aliyeitikia. Basi nikaitikia mie, "Limetoka!"

Tukakaa. Alikuwa amekilaza kijiti mapajani, na mkono mmoja haukukiacha. Wa pili ukaja kunitafuta. Safari hii nilimpelekea mapema. Akaushika, akaugeuza kwenye mwanga ambao hauoni, akapitisha kidole gumba chake juu ya kucha zangu, moja baada ya moja.

"Na za kwako," akasema, "zina rangi gani?"

Nikazitazama. Tangu aondoke hapana aliyenipaka, zilikuwa tupu kama nilivyozaliwa nazo.

"Leo ungeziona," nikamwambia.